Ubeti wa Tatu Uliomo Ndani ya Diski

Ukifika Masama ukamuulizia Aikaeli Swai kwa jina lake la ubatizo, watu watakutazama kwanza. Lakini ukisema Mama Lucky wa video, hata mtu anayekata majani ya ng'ombe kando ya barabara atakuonyesha geti lake kwa ncha ya panga.

Kazi hiyo hakuisomea. Ujanani alikuwa fundi cherehani Moshi mjini, na siku moja alipelekwa kanisani na bibi harusi aliyemshonea gauni, awe karibu kama zipu ingeleta matata. Zipu ilitulia. Aliyeharibikiwa ni mpiga video, ambaye tumbo lilimkamata kabla hata pete hazijavalishwa. Mtu akamtumbukizia Aikaeli kamera mikononi, akamwambia, "Shika hapa, bonyeza hapa, usitetemeke." Akatetemeka. Nusu ya wageni walitoka bila vichwa. Lakini mama wa bibi harusi alipoiona ile picha alilia kwa furaha, kwa sababu Aikaeli alikuwa ameielekeza kamera kwenye mikono ya mama huyo muda mrefu, jinsi ilivyokuwa ikikunjua na kukunja leso. Tangu siku ile cherehani ikaanza kushika vumbi.

Wazee wa usharika walinong'ona mwanzoni. Mwanamke gani anapanda juu ya benchi kanisani? Aikaeli aliyasikia, akashuka. Jumapili iliyofuata akavaa suruali chini ya sketi, akapanda tena. Baadaye waliokuwa wakinong'ona ndio walioanza kumwita kwenye kipaimara cha wajukuu zao.

Aliolewa na Eliezeri, mtu wa kahawa na ng'ombe katika kihamba, shamba lake la nyumbani, asiye na maneno mengi. Katika chumba cha pembeni wakaweka kompyuta kubwa ya mezani iliyonunuliwa mtumba kutoka ofisi moja iliyokuwa inafungwa mjini. Ilikuwa nzee tangu siku inaingia. Ndani yake mlikuwa na diski mbili: ndogo ya kuiwashia kompyuta yenyewe, na kubwa ambayo Aikaeli aliiita ghala. Humo ndimo zilimokaa harusi, ubatizo, mazishi na sikukuu za mavuno za mteremko mzima.

Mwaka huu Kwaya ya Akina Mama ilikuwa inajiandaa kwa jubilei yake. Wakaamua kuimba wimbo wa mfongo, ule mfereji unaoshusha maji mashambani kutoka msituni. Wimbo huo aliutunga marehemu mwalimu wao, Eliamini, na tangu alipofariki hawakuwa na moyo wa kuuimba. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukatoka. Walipofika wa tatu, kila mtu akashika njia yake.

"Ni wa mvua," alisema Bibi Elifuraha, mwimbaji wa sauti ya kwanza tangu kwaya ilipoanza.

"Mvua ya wapi? Ni wa kahawa," akajibu Bibi Aikande wa sauti ya pili. "Mimi nimeuimba mpaka nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu."

"Basi labda mimba ndiyo ilikusahaulisha."

Zoezi likageuka kikao. Aikaeli, aliyekuwa amekuja kupanga pa kusimamisha kamera siku ya sherehe, akainua mkono. "Jamani, huo wimbo ninao. Niliurekodi mwalimu mwenyewe akiwa anaongoza. Njooni kwangu Jumamosi baada ya chakula cha mchana, tuumalize huu ubishi."

Jumamosi asubuhi aliwasha kompyuta mapema. Ikaguna, ikafunguka. Akaenda panapoonyesha diski, akaona moja tu. Ile ndogo. Ghala halikuwepo.

Aliizima, akaiwasha tena. Bado. Akachomoa flashi zote zilizokuwa zimechomekwa, akidhani moja imechukua nafasi ya diski. Bado. Aliona harusi za watu zikipita machoni pake, na wazee waliokwisha kuzikwa, ambao sauti zao hazikubaki mahali pengine popote. Alikuwa amejiahidi mara nyingi kutengeneza nakala, na kila mara kulikuwa na harusi nyingine.

"Eliezeri! Niletee bisibisi na tochi!"

Mumewe akaja, mikono ikinukia maziwa. Wakachomoa umeme, wakafungua kifuniko. Vumbi lilikuwa limelala humo kama blanketi. Aikaeli akalipuliza, akachomoa waya wa diski kubwa na kuuchomeka upya, akahakikisha umekaa. Wakawasha kifuniko kikiwa wazi, naye akaweka kiganja taratibu juu ya diski.

"Inatetemeka," alisema. "Iko hai. Inazunguka."

"Sasa mbona haionekani?"

"Ndiyo hapo."

Wakazima. Akachukua waya uliokuwa unahudumia kile kisomeo cha CD, ambacho siku hizi hakuna anayekitumia, akaufunga kwenye diski. Walipowasha, mambo yakawa yale yale. Eliezeri akauliza kama wameharibu kitu. Aikaeli akamwambia amulike vizuri na aache maswali, kisha akampigia simu Denis, fundi wa kompyuta wa Rau, kule chini mjini, ambaye waliwahi kufanya naye kazi.

"Shikamoo, Mama Lucky."

"Marahaba, mwanangu. Diski yangu ya pili imepotea." Akamweleza yote aliyoyafanya, moja baada ya jingine.

"Umefanya vizuri, mama, umenipunguzia kazi," alisema Denis. "Kama inazunguka na waya ni mzima, basi tuangalie kitu kingine. Hebu nisomee saa ya kompyuta, pale chini pembeni. Na tarehe."

Aikaeli akainama kwenye kioo. "Inasema ni Januari. Ya mwaka ambao Lucky alikuwa bado hajaanza shule."

Denis akacheka kwa kuridhika. "Hapo hapo! Kwenye bodi kuu kuna kibetri bapa, kama sarafu. Umeona? Hicho kimekufa. Kikifa, kompyuta inasahau saa, na inasahau kila kitu ilichopangiwa. Hizi za zamani, baadhi zikisahau, zinafunga mlango wa diski ya pili. Diski iko pale pale, mama. Hakuna aliyeifungulia mlango tu."

Aikaeli akakaa kitini. Hakujua kama acheke au alie.

Kibetri cha aina hiyo hakikuuzwa duka lolote la karibu. Eliezeri akatoka na kurudi na mizani ya kioo ya kupimia uzito. Lucky, mtoto wao anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyeileta Krismasi, na mama yake aliipanda mara moja tu, akaitupa chini ya kabati akisema ni mwongo. Eliezeri akaigeuza, akafungua kidirisha cha nyuma. Kibetri bapa kilikuwa humo, na namba zake zilikuwa zile zile.

"Angalau kitasema ukweli sasa," alisema Eliezeri, na kwa mtu wa maneno machache kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Walizima, wakabadilisha, wakawasha. Denis aliwaelekeza kwa simu: mara tu kioo kinapowaka, bonyeza F2 mfululizo kama mtu anayeita kuku. Ukatokea ukurasa wa buluu wa mipangilio. Aikaeli akarekebisha saa na tarehe, kisha akashuka na mishale mpaka kwenye mstari wa diski ya pili. Ulikuwa umeandikwa Off. Akaubadilisha kuwa On, akahifadhi, akashusha pumzi. Kompyuta ikajizima na kujiwasha. Ghala likatokea mahali pake kana kwamba halikuwahi kwenda popote.

"Lipo! Denis, lipo!"

"Kabla hujafanya kitu kingine, mama, nakala."

Lakini akina mama walikwisha kuingia uani na sufuria la kiburu, ule mseto wa ndizi na maharage, wakipiga hodi na kujikaribisha wenyewe. Wakajazana chumbani. Aikaeli akautafuta wimbo, akaubonyeza.

Kanisa la zamani likajaa kwenye kioo. Mwalimu Eliamini akainua mikono, mwembamba, koti likimpwaya. Mtu akaguna kwa uchungu. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Na ubeti wa tatu ulipoanza, mvua ikashuka juu ya bati la kanisa kwa kishindo, ikafunika kila sauti. Midomo ilicheza, mwalimu alipunga, lakini kilichosikika ni mvua tu, mpaka wimbo ukaisha.

Aikaeli alitamani ajifiche nyuma ya pazia.

"Rudisha," alisema Bibi Elifuraha. Alikuwa amesogeza kiti mpaka miguu yake inagusa meza. "Rudisha, uniletee uso wangu karibu. Nataka nijitazame mdomo."

Aikaeli akarudisha, akaukuza uso. Elifuraha wa miaka ile, mashavu yamejaa, akafumbua na kufumba kinywa bila sauti. Elifuraha wa leo akamfuata, kwanza kwa kunong'ona: "Mvua imekuja... imeshuka toka msituni..."

"Nilisema nini?" akamaliza, akigeuka kwa ushindi.

"Sasa niletee wangu," akasema Bibi Aikande.

Wakamtafuta safu ya nyuma. Midomo yake ilikuwa inakwenda tofauti, na ilianza nyuma kidogo. Akaifuata mara mbili, mara tatu, macho yamefinywa. "Kahawa yachanua... kihamba chavaa kitani..."

Wakatazamana. Halafu Aikande akapiga goti lake kofi. "Wee! Mwalimu alitugawa! Nyie mlianza, sisi tukawajibu!"

Wakaimba hapo hapo chumbani, sauti ya kwanza ikileta mvua, ya pili ikijibu kwa maua meupe ya kahawa, na zile sauti mbili zikaingiana kama zilivyopangiwa. Elifuraha na Aikande walishikana mikono wakiwa wameketi. Wakarudia tena na tena, wakala kiburu, wakarudia. Ng'ombe walipoanza kulia kudai kukamuliwa, Eliezeri alienda peke yake, na alikamua taratibu kuliko siku zote ili asikose wimbo uliomfikia zizini.

Jubilei ilifana. Jumatatu yake Aikaeli aliteremka Rau, akarudi na diski mpya mkobani, na wiki nzima kompyuta ile nzee ilishinda ikinakili. Kila alipopita chumbani na chai yake mkononi alisimama kidogo kutazama ni sherehe ya nani inapita, akacheka peke yake, akaendelea na kazi zake.