Kabureta ya Shangazi

Shangazi yangu ana miaka sitini na mbili, na amefeli mtihani wa leseni ya pikipiki mara mbili. Mara ya kwanza aligonga pipa. Mara ya pili aligonga meza ya mtahini, mtahini mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo. Kwa hiyo akaambiwa waziwazi: Alhamisi ndiyo nafasi ya mwisho, na uje na pikipiki yako mwenyewe.

Tangu mumewe afariki, akitaka kwenda popote lazima akae nyuma ya mtu, na mtu huyo ndiye anayeamua saa ya kurudi. Alishachoka, jamani. Leseni aliitaka kufa na kupona.

Na fundi wake ni nani? Mimi, binti wa kaka yake! Pikipiki yake ilikuwa gerejini kwangu miezi mitano, kabureta imekufa, spea hazipatikani. Kila nikimpigia muuzaji ananiambia kwa sauti tamu, "Meli iko njiani, fundi." Meli gani hiyo, inasukumwa kwa mkono?

Kwa shida hiyo wateja wangu wakazoea kuazimana. Pikipiki ya Shangazi kwa kuwa ilikuwa imelala tu, tukaivua nguo: gurudumu la nyuma kwa mkunga, cheni kwa muuza mikate, betri kwa mwalimu. Shangazi mwenyewe alisema, "Wapeni, mimi naenda wapi?"

Jumanne mzigo ukafika! Nilicheza. Shangazi naye akacheza, akamkanyaga aliyeuleta. Tukafungua boksi, kabureta inang'aa kama sufuria mpya. Nikaipachika. Haiingii. Nikaigeuza. Wapi!

"Uliagiza kwa namba gani?" Shangazi akauliza.

"Niliyoisoma kwenye pikipiki yako."

Neno halijaisha mdomoni nikakumbuka. Siku ile ya kuagiza nilikuwa nimeifunga kabureta ya muuza mikate kwenye pikipiki ya Shangazi, kwa waya na mpira, nijaribu kama itakubali. Ilimwaga petroli mpaka viatuni, nikaitoa. Lakini namba yake nilishaituma kwa muuzaji. Miezi mitano tumesubiri kitu cha mtu mwingine!

Nilitaka ardhi inimeze. Shangazi alinitazama, mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Wewe mtoto wewe! Nani ana pikipiki kama yangu?"

Mwalimu. Nikaenda kwake mbio, nikamweleza, akaniambia, "Chukua. Alhamisi nitatembea."

Asubuhi ya Alhamisi, mkunga akarudisha gurudumu, muuza mikate cheni, mwalimu betri pamoja na kabureta yake. Pikipiki zao zikabaki gerejini zimekaa bure, na wao wakatufuata uwanjani kwa miguu wakihema.

Mtahini alikuwa amesogeza meza mbali kabisa. "Pikipiki hii ni yako?"

"Kadi ina jina langu," Shangazi akajibu, bila kupepesa jicho. Sisi kwenye uzio tukaangalia mawingu.

Akawasha. Ikashika mara ya kwanza! Akapita katikati ya mapipa, hakugusa hata moja. Akakata kona, akasimama penye mstari, akashusha mguu taratibu. Mtahini akapiga muhuri. Mkunga alipiga kigelegele, muuza mikate akanikumbatia na unga wake wote, mimi nikalia kama mtoto.

Shangazi akaja mpaka tulipo. Mwalimu, maskini, alikuwa tayari ameshika spana ya kufungulia kabureta yake, maana kipindi chake kilikuwa kinakaribia.

"Mzunguko mmoja tu," Shangazi akasema. "Bila mtu nyuma, bila mtu mbele."

Mwalimu akaangalia saa, akaangalia uso wa Shangazi, akaitia spana mfukoni. Shangazi akatoka getini, akakunja kulia, kwenye barabara ndefu. Hakusema anarudi saa ngapi, na hakuna aliyemuuliza.