Naima achora, kompyuta inaandika, mayai ya Milepa yasubiri

Saa tatu asubuhi, Majengo mjini Sumbawanga. Naima Kheri (36) amevaa makoti mawili na anaburuta kijisanduku cha kijani kwenye kioo cha kompyuta. Wenyeji huapa kwamba baridi ya Julai hapa hugandisha salamu mdomoni, mtu akasubiri iyeyuke ndipo aitikiwe.

Kwenye benchi ameketi Mzee Kashinje, mfugaji wa Milepa, kule bondeni. Amepakata mashine ya kutotolesha vifaranga aliyoinunua kwa Naima mwezi uliopita. Mayai sitini aliyoweka ndani yake yameharibika yote.

"Niliagiza vifaranga, mwanangu, ukanipa kifungua kinywa," anasema.

"Nisamehe, mzee wangu. Leo naitafuta kasoro mpaka niione."

Nyumbani mzee ana mayai mengine sitini, yana siku tano. Yakipita saba bila kuingia kwenye joto, mengi hayatatoa kitu. Na Naima akishindwa, Kashinje ameahidi kuitangaza mashine hiyo mnadani, mbele ya bonde zima.

Naima hakusomea kompyuta. Alikuwa akitengeneza redio dukani kwa baba yake. Siku hizi huuza mashine mbili kwa mwezi, na faida yake haizidi laki moja na nusu.

"Msimbo, yale maagizo yanayoiendesha mashine, siandiki hata mstari," anasema. "Kila kijisanduku kina kazi yake. Hiki kinasoma joto, hiki kinalinganisha na nyuzi 37.5, hiki kinawasha taa ya kupasha mayai joto. Naviunga kwa mistari, nabonyeza, kompyuta inaandika yenyewe."

Msimbo huo hupita kwenye waya hadi kwenye bodi ndogo ya kielektroniki iliyo ndani ya mashine. Lakini kwanza huujaribu mchoro kwenye kioo. Leo anaingiza joto la Milepa, nyuzi 34. Taa inazimika, lakini joto lake lililonaswa ndani linazidi kupanda: 38, 39, 40.

Anacheka peke yake. Mchoro unajua kuongeza joto tu, kulipunguza haujui.

"Mzee, mimi nimezaliwa kwenye baridi. Sikuwaza kama kuna mahali mashine itazidiwa na joto."

"Huko kwetu jogoo huwika huku akijipepea kwa bawa," Kashinje anamjibu.

Naima anaongeza kijisanduku cha feni, anakiunga, anajaribu tena. Joto linatulia. Anatoa msimbo, kisha anafunga feni ya kweli kwenye mashine.

"Vizuri," anasema Kashinje bila kuinuka. "Lakini hiyo ni Milepa ya kwenye kioo. Utakuja na mashine kwenye ile yenye jua."

Kesho yake saa nane mchana, Milepa. Makoti yako begini. Kipimo cha mashine kinasoma 38.2. Feni inaanza kuunguruma. 37.9. 37.5. Inakaa hapo nusu saa nzima.

Kashinje anamgeukia mkewe, Mboje.

"Lete mayai."

"Mangapi?"

"Yote."

Naima ana oda nyingine mbili, za Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika. "Zamani ningezichorea palepale Majengo," anasema. "Sasa nakwenda kwanza, nakaa siku tatu na kipima joto, ndipo nafungua kompyuta."