Soksi za Jumanne

Mwaka wa hamsini na mbili, Musoma hapakuwa na fundi cherehani aliyeionea haya miguu yake kama Hamduni wa Kitaji. Timu nzima ya mtaa aliishonea kaptura fupi, ya kwake akaishusha hadi chini ya magoti. Rafiki yake Jumanne, golikipa ambaye vigimbi vyake vilisimuliwa hadi Bunda, akamfundisha.

"Simama kizingitini kwa vidole, visigino vining'inie, halafu panda, shuka. Mimi nafanyaga kumi na tano na gunia begani, kisha thelathini bila kitu. Ukipunguza ni kazi bure, ukizidisha unavikausha."

Mwaka mzima Hamduni akapanda na kushuka. Alijaribu nane kwa gunia zito zaidi, akajaribu hamsini mikono mitupu. Kila asubuhi mkewe Shani, aliyemsaidia kushona, alikaa kando, akimhesabia. Miguu ikabaki mipini ya mwiko.

Baada ya mechi ya Bunda, furushi la nguo za timu likaletwa kushonwa. Hamduni akazigeuza soksi ndefu za Jumanne. Ndani mlishonewa mito ya pamba, yenye umbo la vigimbi.

Uongo wa Jumanne angeucheka. Lakini uzi ulifungwa fundo la mizunguko mitatu alilolibuni Hamduni mwenyewe, na alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu.

Asubuhi Shani akakaa mahali pake. "Baba Tabu, panda. Moja."

Hamduni alikuwa ameketi kizingitini, soksi zimegeuzwa mapajani.

"Endelea tu kuhesabu, mama Tabu," alisema. "Umeshazoea."