Gamba la Samaki Ndani ya Jicho

Mwalimu wetu Mubeleji anapenda usafi kupita kiasi. Kila asubuhi anakagua kucha zetu, na mutu mwenye kucha chafu anakula fimbo. Yeye mwenyewe havai miwani, anavaa vioo viwili vidogo ndani ya macho. Kimoja kikimuwasha, anakitoa, anakilamba kama mutoto aliyepewa asali, anakirudisha jichoni. Kisha somo la vijidudu linaendelea.

Jana, kabla hajaingia, nilitaka kuwachekesha wenzangu. Nilitoa gamba la samaki nililookota jikoni kwa mama, nikalilamba vilevile, nikalibandika jichoni. "Onyesheni kucha!" nikanguruma kwa sauti yake. Darasa lote lilicheka mpaka machozi. Nami nikatoa machozi, maana gamba lilikataa kutoka.

Mwalimu akaingia, jicho moja amelifumba. "Kioo changu kimepotea," alisema. Mara akaona jicho langu linang'aa. "Mwizi! Leo unafukuzwa shule!"

Amisi, ninayekaa naye benchi moja, akaninong'oneza: "Sema ukweli, ndugu, ao baba yako atakuua."

Ukweli nao ulikuwa na fimbo zake.

Mwalimu akalichomoa gamba kwa kidole. Hapo nikafungua mdomo: "Bwana, hiyo si..."

Alikuwa amekwisha kulilamba.

Akasimama, ulimi nje, akiniangalia.

"Hii iko samaki," alisema polepole.

Na Amisi, ambaye hakuna mutu aliyemuuliza, akajibu: "Ndiyo, Bwana. Alikuwa anakuigiza wewe."