Ugali wa Jirani Makongeni

Kwetu Tanga, ukipita mlangoni mwa mtu anayekula, hukosi kuambiwa karibu. Nawe unajibu, ahsante, starehe, unaendelea na safari yako. Hakuna anayetazamia uingie. Ukiingia, watasema kwenu hawakupika.

Adabu hiyo ndiyo niliyohamia nayo Makongeni, mtaa wa nyumba za reli huko Kenya, mwaka ule mpaka wa nchi zetu mbili ulipofungwa. Mume wangu, Mkenya, alikuwa mfanyakazi wa reli kwetu Tanga. Aliporudishwa kwao nilimfuata nikiwa na mimba ya miezi mitano. Tulipewa chumba kimoja, na pa kupikia palikuwa pa pamoja, wanawake wanne.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa mama mnene mwenye sauti kubwa, mtu wa huko Kakamega. Mwanamke yeyote wa laini yetu ya nyumba akishikwa na uchungu, aliitwa yeye kwanza, ndipo gari likatafutwa.

Wiki ya kwanza aliniita, "Mama, kuja tukule."

"Ahsante dada, nimeshiba," nikajibu. Sikuwa nimeshiba hata kidogo. Harufu ya kunde zake ilikuwa inanitoa mate. Kesho yake akaniita tena, nikashiba tena. Siku ya tatu nikashiba zaidi, nikijiona binti aliyelelewa vizuri.

Siku ya nne hakuniita. Nikiingia kupika, anafunika sufuria. Nikimsalimu, anajibu huku akitazama makaa. Nilikasirika. Nimemkosea nini huyu? Basi na mimi nikanuna, na kwa kununa sihitaji kufundishwa. Tulinuniana karibu mwezi mzima, na tumbo langu likazidi kukua.

Mume wangu alikuwa akisafiri na treni siku tatu, nne. Mama yangu alikuwa ng'ambo ya mpaka, hawezi kuja. Nikaanza kuogopa kweli kweli. Uchungu ukinikuta peke yangu, nitamwita nani?

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Murang'a, muuza mboga, tulipokuwa tukifua nguo bombani.

"Huyo mama anasema unaogopa ameweka dawa kwa chakula," akaniambia. "Kwao ukikataa chakula ya mtu, ni kama umemwita mchawi."

Mchawi! Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kumbe kwa adabu zangu zote zile nilikuwa namtukana mwanamke wa watu mbele ya watoto wake, siku tatu mfululizo.

Kesho yake mchana sikungoja kuitwa wala sikupiga hodi. Niliingia chumbani kwake, nikanawa mikono, nikaketi kwenye kigoda katikati ya watoto, nikamega ugali. Mama yangu angeniona angezimia. Jirani alinitazama, tonge limesimama mkononi. Watoto nao wakaacha kutafuna. Kisha akasukuma bakuli la mrenda mbele yangu.

"Kula hiyo yote," akasema. "Umekonda kama mtu hana jirani."

Nilikula mrenda ule unaovutika, mboga ambayo sikuwa nimewahi kuionja, na machozi yakanitoka. Nilisingizia pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Mwanangu alipozaliwa, mikono ya mama yule ndiyo iliyompokea. Akakulia chumbani kwake kama alivyokulia kwangu, akila panapopakuliwa.

Mpaka ulipofunguliwa nilimpeleka Tanga kwa bibi yake. Siku ya pili tulipita, sote watatu, mbele ya nyumba ya jirani aliyekuwa akila barazani na wanawe.

"Karibuni," akasema.

"Ahsante, starehe," mama yangu akajibu, tukapita. Hatua chache mbele nikaona mkono wangu hauna mtoto. Kugeuka, binti yangu ameshanawa, ameketi jamvini, anamega ugali wa watu.

Mama yangu akashika mdomo. "Mwite mtoto wako!"

Nikarudi kumwita. Lakini nilipofika pale nilimwona yule jirani ameshamsogezea bakuli la mchuzi. Nikanawa mikono, nikaketi naye.