Kinyaa cha Wilma Dudek

Huku kwetu kwenye vilima vya makaa ya mawe, Pennsylvania, Wilma Dudek alijulikana kwa jambo moja: haoni kinyaa. Mumewe alipofariki alimwachia lori la kunyonya vyoo. Watu wakadhani ataliuza. Yeye akapanda akaliendesha. Ungemkuta uani kwa mtu amefunua shimo, mpira wa kunyonyea uko begani, mkononi ameshika tufaha analitafuna. Walimcheka, lakini shimo likifurika walimpigia yeye. Kanisani benchi lake halikujaa kamwe, ingawa alikuwa akijisugua mpaka ngozi inaiva.

Dada yake Bernadine ndiye aliyemtafutia Merrill Stroud. Merrill alikuwa mgane, mstaafu wa kuuza bima, suruali imenyooka kwa pasi, kucha zimekatwa vizuri. Walikutanishwa Jumamosi moja ya baridi kwenye dansi ya polka, ukumbi wa zimamoto. Wilma hakutaka kuficha. Alimwambia kazi yake kabla hata ya kushikana mikono.

"Basi wewe ndiye mkweli peke yako humu ndani," Merrill akamjibu. "Hawa wengine wote wanajifanya hawaendi chooni."

Wilma alicheka mpaka akafuta machozi. Wakacheza hadi wapiga muziki wakaanza kufunga vyombo vyao.

"Twende tukale," Merrill akasema.

"Saa hizi? Nani atakuwa wazi?"

"Kwa Pandeli hapalali, mrembo. Twende na gari langu."

Mgahawa wa Pandeli uko kando ya barabara kuu, mrefu na mwembamba kama behewa, bati lake linang'aa hata kwenye theluji. Usiku ule kulikuwa na dereva mmoja wa lori kaunta, basi. Wakakaa dirishani, kwenye viti vya ngozi nyekundu. Merrill akachukua karatasi laini, akapangusa uma wake, akapangusa kisu, kisha akanyoosha mkono akapangusa na uma wa Wilma. Wilma aliniambia alitamani kulia. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumpangusia uma.

Aliyewahudumia ni Noreen, mama wa makamo mwenye miguu iliyovimba, mgeni pale kazini. Merrill akampigia vidole kama anaita mbwa.

"Wee binti! Mkate wa nyama, viazi vya kuponda, rojo kwa wingi. Na usichukue mwaka."

Hapo kitu kikamchoma Wilma kidogo. Akakipuuza. Yeye aliagiza mayai na soseji.

Chakula kilipokuja, akamwona Merrill akila. Mtu yule nadhifu alikula mdomo wazi, uma haupumziki, rojo linamtiririka kidevuni, akilirudisha kwa ulimi. Kati ya matonge alifyonza meno. Wilma akaona afadhali atazame theluji. Lakini usiku kioo cha dirisha hakionyeshi nje, kinakuonyesha wewe na mwenzako. Akauona mkono wa Merrill ukiingia mfuko wa ndani wa koti alilolilaza kando yake, ukatoka na kikopo cha vidonge. Kidole gumba kikafungua kifuniko. Kitu cheusi kikadondokea kwenye rojo lililobaki, na uma ukakikandamiza kwenye viazi, taratibu, kama mtu anayepanda mbegu.

Kisha Merrill akasukuma sahani na kupaza sauti.

"Wee! Njoo hapa! Hiki ni nini?"

Noreen akaja mbio. Alipomwona mende, rangi ilimtoka usoni.

"Yesu wangu! Samahani sana, baba. Samahani kweli."

"Samahani ndiyo itamtoa mwenzake niliyekwisha kummeza?"

Pandeli mwenyewe akatoka nyuma ya mashine ya pesa. Mgiriki yule ni mzee wa hasira za karibu. Alitazama sahani mara moja tu.

"Noreen, vua aproni."

"Bosi, mimi nimebeba tu kutoka..."

"Nimesema vua!"

Noreen akaanza kuhangaika na fundo mgongoni mpaka aproni ikaanguka sakafuni. Merrill akamwinamia Wilma, pumzi yake inanuka vitunguu, akamkonyeza.

"Agiza pai, mrembo. Usiku huu hatulipi hata senti."

Wilma, yule aliyekula tufaha juu ya mashimo ya watu, alilazimika kuziba mdomo kwa kiganja. Akameza mate, akasimama.

"Pandeli, mwambie akuonyeshe kikopo kilichomo kwenye koti."

"Kikopo gani?"

"Cha vidonge."

"Ni dawa yangu ya moyo," Merrill akasema haraka.

"Haya, meza kimoja tukuone," Wilma akasema.

Merrill hakumeza. Alijaribu kuvaa koti, Pandeli akaliwahi, akaingiza mkono, akafungua kikopo chini ya taa. Walikuwemo mende wengine wawili, wamelazwa kwenye pamba kama vito. Dereva wa lori akasogeza sahani yake mbali na kusema neno nisiloweza kuliandika.

"Mnamsikiliza huyu?" Merrill akafoka. "Mwanamke anayeshinda mavini?"

"Nashinda mavini, ndiyo," Wilma akasema. "Lakini siyatii mfukoni nikaja nayo mezani."

Merrill akatoka, akawasha gari, akaondoka akamwacha Wilma pale.

Pandeli akaokota aproni sakafuni, akamtupia Noreen. "Vaa." Kisha akamgeukia Wilma kwa tabasamu, akamkatia pai ya tufaha.

"Kula, mama. Bure."

"Sitaki pai yako. Umemfukuza mtu bila hata kumuuliza. Nyote wawili mnanichefua."

Akaingia msalani, akatapika kila kitu. Akasukutua kinywa mara kadhaa, akiukumbuka ule uma.

Noreen ndiye aliyempeleka nyumbani zamu ilipokwisha. Njiani Noreen akauliza, "Ulikuwa umempenda, dada?"

"Nilikuwa nimeanza," Wilma akasema. "Hicho ndicho kinachonitia kinyaa zaidi. Nimecheka vichekesho vyake usiku kucha."

Kesho yake Bernadine akapiga simu, amekasirika. Merrill alikuwa ameshawaambia watu wa dansi kwamba Wilma ananuka.

"Mwanamume ana nyumba, halewi, polka anaijua! Unamkosa kwa sababu ya mende mmoja?"

"Watatu," Wilma akasema, akakata simu.

Hawakusemeshana mpaka Pasaka. Bernadine ndiye aliyeanza, na hakuthubutu tena kumtajia mgane yeyote.