Vikombe Viwili vya Vifungo

Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa fundi cherehani mwenye jibu la kila kitu. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakujibu. Ukimuuliza kwa nini haikunyesha, anakujibu vilevile, pini zikiwa mdomoni. Nampenda mno, ingawa nusu ya majibu yake ni ya kubuni.

Kaka yangu alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomkunja mtoto kwa maumivu ya mifupa. Daktari aliwaeleza wazazi wangu kwamba kila mmoja wao ana chembe moja ya urithi njema na moja mbovu. Mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama, na akiangukia mbovu mbili, anaugua. Hatari ni mmoja kati ya wanne. Mama aliichukua hesabu hiyo hadi kwa dada yake, naye akaimaliza palepale. Mmoja tumeshampata, alisema, kwa hiyo watatu wanaofuata ni wazima. Mama akaanza kumuota mtoto wa pili.

Alasiri moja ya mvua hapakuwa na mteja. Cherehani ilikuwa kimya, kioo cha dirisha kimeingia ukungu, kaka amelala juu ya mabaki ya vitambaa. Mama Mkubwa akataka kumwonyesha mdogo wake jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi. Akaweka vikombe viwili, cha baba na cha mama, kila kimoja na kifungo kimoja cheupe, ile chembe njema, na kimoja cheusi, ile mbovu. Mama akafumba macho, akachomoa kimoja katika kila kikombe. Vikatoka vyeusi viwili.

"Huyo ni yule aliyelala pale," alisema Mama Mkubwa. "Haya, vuta wa pili."

Mama akatoa vyeupe viwili, maana ndivyo tu vilivyobaki.

"Dada, kwani nilipomzaa huyu, ile mbovu ilinitoka?"

Mama Mkubwa akatema pini zake mkononi. Polepole akavirudisha vifungo vyote, na vikombe vikawa kama mwanzo, havina habari na mtoto wa kwanza.

Wakaendelea kuvuta, kila mara wakirudisha. Mara tano mfululizo haikutokea jozi nyeusi, halafu zikaja mbili kwa mpigo. Mama Mkubwa alipiga alama za chaki mezani: mara arobaini, jozi nyeusi kumi na moja. Daktari alisema kweli, ila robo yake ilikuwa inamngoja kila mtoto upya. Mama anasema alihisi kama anaelea, kama kwamba wale watoto arobaini walikuwa wakipita chumbani mmoja mmoja, wakimtazama.

"Nilikudanganya, mdogo wangu."

"Ungekuwa wewe, ungezaa?"

Mama Mkubwa alisema hajui, kisha akalia.

Wazazi wangu walizungumza wiki nzima. Mwaka uliofuata nikazaliwa, nikapimwa, nikaonekana mzima. Mama Mkubwa amenieleza mara nyingi kwamba kaka hakunichukulia chochote, kila mmoja wetu alivutiwa chake. Naelewa vizuri, naweza hata kukufundisha wewe. Lakini kaka akijikunja kitandani namsugua miguu, na moyo wangu unarudia ile hesabu ya zamani: alitangulia, akabeba ugonjwa wake na wangu.